Babu Yako Hakukataa Bunduki

Euless, Jumanne mchana

Baba,

Umeondoka sasa hivi kwenda Haltom City kunyolewa. Najua kwa yule kinyozi mtu hanyolewi tu. Mtabishana kuhusu mpira, atapita mtu anauza sambusa, na utarudi jua likiwa limeshuka. Nina saa tatu, labda nne. Niko zamu, vipokea sauti viko kichwani, na simu ya hospitali ikiingia nitaiacha barua hii katikati ya sentensi. Ukiona nimerukaruka, sababu ni hiyo. Ingawa hata bila simu ningerukaruka. Tangu asubuhi nimeshafua pazia ambalo halikuwa chafu.

Nakuita Baba kama nilivyokuita tangu ulipozaliwa, kwa sababu umebeba jina la baba yangu. Kwetu ndivyo ilivyo: mtoto akirithi jina la babu, mama aliyemzaa naye humwita mzazi. Kwenye kambi ya wakimbizi, ukiwa na miaka minne, ulilitumia jambo hilo vizuri. Nilipokukimbiza na beseni ulikuwa unapiga kelele, "Mtu haogeshi baba yake!" na majirani walikufa kwa kicheko. Leo jina hilo linanitia woga kidogo, na nimeketi hapa kukueleza kwa nini.

Kesho unahamia Houston, lakini sitakuandikia habari za kupika, wala kodi, wala namna ya kuishi na watu. Barabara ya huko unaijua kuliko mimi. Tangu ujiunge na jeshi la akiba umeipita kila mwezi, mwendo wa saa nne kwenda na saa nne kurudi, kwa sababu nafasi yako ilipatikana kwenye kikosi cha huko. Rafiki yako Elia ameshakupa chumba, na ameshakuonya kuhusu mafuriko kwa namna yake: "Mvua ikinyesha huku, gari unalipeleka kulala hoteli." Kile kituo cha wazee kimekupa zamu za wiki. Hayo yote umeyapanga mwenyewe na umeyapanga vizuri. Mimi nataka kuzungumza nawe kuhusu Alhamisi.

Alhamisi utakaa mbele ya kapteni aliyepewa kazi ya kuchunguza maombi yako. Kasisi wa jeshi ameshakuhoji, daktari wa akili naye pia. Amebaki huyu. Atakuuliza imekuwaje kijana aliyeinua mkono na kuapa akiwa na miaka kumi na saba, leo ana miaka kumi na tisa na anasema dhamiri yake haimruhusu kuua katika vita yoyote, ya upande wowote. Mezani kwake kutakuwa na faili. Ndani yake kuna maelezo yako, kurasa saba, na barua ya Bibi yako ya kukushuhudia, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na kutiwa saini na mkalimani. Mkalimani ni mimi. Akikuamini, una nafasi ya kuachiliwa kutoka jeshini. Akiona umetunga, utarudishwa kikosini ukiwa na jina la mwongo, na hakuna neno la dhamiri utakalosema tena likasikika.

Katika faili hilo kuna uongo, Baba. Ni wangu.

Simu. Ngoja.

Nimerudi. Mzee wa watu alikuwa anaelezwa kuhusu moyo wake, na mimi nilikuwa moyo huo kwa dakika ishirini: "Nasikia kifua kinabana. Naogopa kulala." Unajua kazi yangu ilivyo. Mgonjwa akisema "mimi", nami nasema "mimi". Siongezi neno, sipunguzi neno. Nimeapa hivyo, na kwa wageni sijawahi kuvunja kiapo hicho hata mara moja. Nilikivunja kwa mama yangu mwenyewe, kwenye meza hii hii.

Lakini nianzie kwenye saini ya kwanza, maana ziko mbili.

Ile ofisi ya kuandikisha wanajeshi ilikuwa katikati ya duka la kucha na duka la piza. Sajini alikuwa kijana mpole, viatu vinang'aa, akaniwekea kiti kabla yako. Akaeleza kwamba chini ya miaka kumi na minane hawezi kukuandikisha bila ridhaa ya mzazi, akanisogezea karatasi. Wewe ukainama ukaniambia kwa Kiswahili, ili asielewe:

"Mama, kama huna uhakika, twende zetu."

Nilisaini kabla hujamaliza. Umewahi kuniuliza kwa nini nilikuwa na haraka vile, nikakujibu kuhusu karo ya chuo. Si uongo, ila si hilo lililosukuma kalamu. Mimi nimekulia upande wa watu wanaotazama sare inakuja. Nilitaka, mara moja tu katika ukoo wetu, sare iwe upande wetu. Nilitaka nikisikia buti kwenye ngazi nijue ni mwanangu. Kanisani walianza kuniita Mama Jenerali, nami nikawa nageuka haraka nikiitwa. Picha yako ya kuhitimu mafunzo niliitundika mahali ambapo mgeni hawezi kuingia bila kuiona. Uliponiambia, "Mama, ishushe kidogo, inanitazama nikila," nilidhani ni haya za kijana.

Halafu ikaja ile Jumapili.

Unaikumbuka kuliko mimi, lakini nataka uione kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Ulikuwa unatoka Houston. Siku zote ulikuwa unabadilisha nguo kabla ya kufika, siku hiyo ulichoka. Uliingia kwa mlango wa jikoni ukiwa na sare kamili. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake anachambua maharage. Mimi nilikuwa chumbani, nikasikia kabati likifunguliwa na kufungwa, kufunguliwa na kufungwa, nikatoka kuangalia.

Alikuwa ameshavua kitenge chake cha juu na kukitandika sakafuni mbele ya miguu yako. Juu yake alikuwa ameweka mfuko wa mchele, chupa ya mafuta, redio yake ya nyimbo za injili, kibeti chake, na simu yangu ya kazi. Alikuwa anaviweka kwa mpangilio, vikubwa nyuma, vidogo mbele, bila kukutazama usoni.

"Mukamate, ba-afande," alikuwa anasema, kwa sauti ya adabu, kama anayekaribisha wageni. "Mukamate yote. Hapa hamuna mutoto mwanamuke."

Wewe ulisema, "Bibi, ni mimi. It's me. Ni Etabo." Akaenda kuchukua chumvi.

Mtoto mwanamke wa nyumba hiyo nilikuwa mimi, mwenye miaka thelathini na tano, nimesimama kwenye mlango wa ukumbi. Hili hujui, kwa sababu ulikuwa unamtazama yeye: nilirudi nyuma. Hatua moja, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nilijua kabisa ni wewe. Nilikuwa nimekupikia.

Ulivua koti la sare. Ukavua mabuti, ukayatupa nje kwenye ngazi, ukaketi sakafuni na soksi, ukalivuta sinia la maharage na kuanza kuchambua. Sijui ni dakika ngapi. Mwishowe Bibi alisimama na chumvi mkononi, akakutazama kichwa, akasema, "Etabo, unachambua mubaya. Unaacha mawe."

Tulicheka wote watatu. Hatukuongea habari hiyo tena. Tangu siku hiyo sare ikawa inalala kwenye buti la gari.

Baada ya miezi ndipo uliponiambia tukiwa kwenye foleni ya magari pale karibu na uwanja wa ndege. Ulisema ulikuwa mlengaji mzuri, miongoni mwa wazuri kabisa wa kundi lako, na kwamba zamani hilo lilikufurahisha. "Lakini sasa, Mama, kila nikilenga, nyuma ya ile shabaha kuna mtu anatandika kitenge." Ulisema umesoma, umeomba, umezungumza na watu, na huwezi kuendelea. Nilikuuliza kitu cha kijinga. Nilikuuliza watu watasema nini kanisani. Ulijibu kwa upole, "They'll say what they say."

Na kweli wamesema. Mama mmoja wa kwaya alinipokea mlangoni Jumapili: "Mama Jenerali, tunasikia jenerali amestaafu kabla hajapata nyota!" Wote wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Naomba unisamehe kicheko hicho. Nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko wao.

Simu nyingine. Hii ilikuwa fupi, mtoto ana homa, si kitu.

Sasa nafika kwenye saini ya pili.

Uliandika maelezo yako kwa Kiingereza, ukaniletea niyasome. Yalianza hivi, nayaweka kwa lugha yetu: "Bibi yangu alinipa mchele ili nisimdhuru." Nilisoma sentensi hiyo nikahisi uso unawaka. Nikakuambia haifai. Nikakuambia afisa atatuona familia ya watu waliovurugika akili. Nikakuambia anataka mizizi, imani, malezi, kitu kilichoanzia mbali. Na wewe uliniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyetupitisha kwenye mahojiano yote mpaka tukafika nchi hii.

Unapaswa kujua nilijifunzia wapi. Kambini mtu hakuwa na maisha, alikuwa na kesi. Jioni watu wazima walikuwa wanawapanga watoto kwenye mkeka na kuwafunza kesi ya familia kama wengine wanavyofunza katekisimu. Mlivuka ziwa siku gani? Mlikuwa wangapi kwenye mtumbwi? Nani alikufa kwanza? Familia moja, majirani zetu, baba alisema wanne na mtoto akasema watano, kwa sababu mtoto alihesabu na mbuzi. Walibaki kambini miaka tisa mingine. Tulimcheka yule mtoto wa mbuzi, lakini kila nyumba ilijifunza: hadithi inyooke, iwe na mtu mwema ndani yake, na aibu ibaki nyumbani.

Basi nilifuta mchele wa Bibi, nikakuletea babu yako.

Umekua ukisikia kwamba babu yako alikuwa mwalimu, na wapiganaji walipokuja kumtaka abebe bunduki alikataa, wakamuua. Nilikuambia hivyo ukiwa na miaka mitano, siku uliyoniuliza jina lako ni la nani. Uliyaandika kwenye ukurasa wa pili: kwamba unabeba jina la mtu aliyekufa kwa kukataa silaha. Na Bibi alipokaa hapa kunipa ushuhuda wake kwa Kiswahili, niliandika kwa Kiingereza kitu alichokuwa hajakisema. Nikaweka saini chini yake kwamba tafsiri ni kamili na sahihi.

Baba yangu alikuwa mwalimu, hilo ni kweli. Alifundisha darasa la tatu, karibu na mji wa Baraka, huko kwetu ng'ambo ya ziwa, alikuwa na mwandiko mzuri kiasi kwamba watu walimletea barua zao awaandikie. Alinifundisha kusoma kwa mkaa kwenye mlango wa jiko. Kisha shule ilichomwa, na wanaume wa kwetu wakaingia msituni, naye akaingia nao. Hakushurutishwa. Hakukataa bunduki. Aliibeba miaka miwili, na alikufa kwa kuhara, huko huko msituni, bila risasi hata moja. Mwenzake alituletea saa yake na mkanda. Bunduki alipewa mwingine.

Mpaka hapa ungeweza kusema, Mama, ilikuwa vita, alilinda watu wake. Nami nilijiambia hivyo. Kuna jambo moja linalonizuia kuendelea kujiambia.

Nilikuwa na miaka tisa. Alirudi kutoka msituni akiwa na wenzake wawili, na mimi nikang'ang'ania kwenda naye, kwa sababu nilikuwa sijamwona kwa muda mrefu. Tulitembea mpaka kijiji cha pili. Kwenye nyumba ya mwisho mama mmoja alitusikia, na tulipofika mlangoni alikuwa ameshatandika mkeka. Unga wa muhogo. Sufuria mbili, moja ndani ya nyingine. Taa. Kitenge kilichokunjwa. Na mbele kabisa, viatu vya shule vya mtoto wa kike, vyeusi, vya kifungo cha pembeni. Vikubwa nyuma, vidogo mbele.

Mwenye viatu alikuwa amesimama kando ya mlango, rika langu, mguu mmoja juu ya mwingine. Akamtazama baba yangu, akasema, kama tulivyofundishwa sote kusema asubuhi:

"Jambo, mwalimu."

Alikuwa mwanafunzi wake. Baba akajibu, "Jambo, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ile ile ya darasani. Kisha akanigeukia akaniambia, "Chagua kitu chako."

Nilichagua viatu.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilivivaa palepale, na nilipokuwa nahangaika na kifungo yule msichana aliinama, akanionyesha kinavyofungwa. Nilirudi nyumbani nikiwa navitazama miguuni. Nilivivaa mpaka tukavuka ziwa, na kambini vilipoanza kubana Bibi yako alivikata mbele kwa wembe ili vidole vitoke. Hakuwahi kuniuliza nilivitoa wapi. Alijua vinakotoka vitu vyote tulivyokula.

Nimesimama nikaenda dirishani. Nimekaa tena. Jirani anaosha gari lake, na ndege zinateremka moja baada ya nyingine kama kawaida, na nilikuwa nafikiri sentensi hiyo ikishaandikwa kitu fulani kitabadilika humu ndani. Friji linanguruma.

Jana nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miezi mitatu iliyopita. Nilimsomea Bibi barua yake, ile iliyoko kwenye faili, nikaigeuza kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akasema:

"Huyo bwana wa mu karatasi ni muzuri sana. Ulimutoa wapi? Ungalinionyesha yeye, ningaliolewa na yeye."

Nilianza kulia na kucheka pamoja. Yeye hakulia. Akaniambia nichukue kalamu. "Andika. Bwana yangu alikuwa mwalimu. Kiisha akabeba bunduki. Sisi tulikula. Wengine walilala njaa juu ya vile sisi tulikula. Andika vile vile, usitengeneze." Nikamuuliza kuhusu ile Jumapili ya kitenge, kama kweli alikuona wewe kuwa mmoja wa askari wa enzi zile za vita. "Sikukosea mutu," akasema. "Nilijua ni Etabo. Mikono ndio haikujua."

Nimeitafsiri upya yote, bila kuongeza, bila kupunguza, na nimeweka saini na kueleza kwamba ile ya kwanza niliipotosha mimi, si Bibi wala wewe. Iko kwenye bahasha ya kahawia, pamoja na barua hii. Sijaituma kwa kapteni. Usiku wa jana kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, nikaona kwamba ningekuwa nakuamulia mara ya tatu. Nilikuamulia kwa sajini, nikakuamulia kwenye kurasa zako. Hii ni yako. Ukiipeleka, itabidi ubadilishe ukurasa wa pili mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kutafuta nyufa, na inawezekana ikakugharimu. Ukiiacha, huenda hakuna atakayejua. Mimi niko huru Alhamisi, nimebadilishana zamu. Ukinipigia, nitaendesha mpaka Houston na kusema kwa mdomo wangu nilichofanya. Kitu kimoja tu sitafanya: akinipigia yeye akaniuliza kuhusu baba yangu, sitarudia hadithi ile.

Naomba usifikiri nimekuandikia haya ili nikutikise. Niliogopa hivyo. Niliwaza, dhamiri ya mtoto imesimama juu ya mtu ambaye hakuwepo, nikimwondoa itaanguka. Lakini nimekumbuka mpangilio wa mambo. Hukuacha bunduki kwa ajili ya babu. Uliacha kwa ajili ya mwanamke mzee na mfuko wa mchele, na babu nilimleta mimi baadaye, avae vizuri mbele ya wageni. Sentensi yako ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko kila kitu nilichokusaidia kuandika.

Kapteni atakuuliza, nimesikia huwa wanauliza, ungefanya nini watu wakivamia nyumba ya mama yako. Usinitumie mimi kama jibu, wala kwa ndiyo wala kwa hapana. Kama hujui, sema hujui. Mimi nilivamiwa na nilivamia, na bado sijui.

Kuna jambo moja ambalo ninalijua, na limenichukua miaka mingi. Mimi sijawahi kushika bunduki. Kwa muda mrefu nilijihesabu safi kwa sababu hiyo. Mwenye bunduki alikuwa baba, mimi nilikuwa mtoto aliyechagua viatu. Utakapoachiliwa, kama utaachiliwa, kutakuwa na watu watakaokusifu kuliko unavyostahili, na kutakuwa na siku utakayowatazama wenzako wa kikosini kama watu wa chini yako. Siku hiyo mkumbuke mwalimu. Hakuwa mnyama. Alijibu salamu.

Na usiache kulitumia jina lake. Nilifikiria kukuambia ulibadilishe, kisha nikaona ni hila yangu ile ile, ya kufuta. Ni jina la mtu aliyebeba bunduki, na sasa ni jina la mtu aliyeiweka chini. Acha vyote viwili vikae ndani yake.

Picha yako ya sare nimeishusha leo asubuhi. Ukuta umebaki na alama ya mraba. Sikuitupa, iko kwenye droo ya shuka, ukiitaka.

Nasikia Bibi ameamka. Ameingia jikoni na anafungua makabati. Nimechungulia. Ametandika kile kitenge chake sakafuni, karibu na mlango, na anapanga juu yake vitu vyako vya safari: dagaa alizokausha mwenyewe kwenye baraza, unga, chupa ya mafuta ya mawese aliyoificha nisiione, soksi mbili, na ile redio yake. Ile redio, Baba. Vikubwa nyuma, vidogo mbele. Mikono yake haijui namna nyingine ya kupanga vitu kwa ajili ya mtu aliyesimama mlangoni.

Kesho asubuhi utatoka kwa mlango huo. Usimwambie una mizigo mingi. Usimwambie Houston kuna maduka. Piga magoti, mtazame usoni mpaka naye akutazame, na uchukue vyote, redio pia.

Mimi niliyekuzaa, ninayekuita Baba,

Mama yako